Kupandisha alama za mkopo haraka kabla ya kusaini nyumba Marekani

Ofa imekubaliwa, mkaguzi ameshapita kwenye nyumba, na afisa wa mkopo anapiga simu: alama zako, yaani namba inayoonyesha unavyoaminika kulipa madeni, ni 634, zingefika 640 riba ingekuwa nafuu. Siku ya kusaini, ile tunayoiita klozingi, iko wiki nne mbele. Ufanye nini?

Nafanya kazi ya kuandaa mafaili ya mikopo ya nyumba, na kwa kuwa nazungumza Kiswahili, wateja wa kutoka Mombasa, Mwanza, Bukavu na Bujumbura huletwa kwangu. Maswali yao ni yale yale. Nilipe deni lote la zamani? Nifunge kadi? Kuna jamaa anasema kwa dola mia tano atanisafishia jina, nimpe? Nimeamua kuyaandika majibu mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa aliyeko Marekani na amebakiwa na wiki mbili hadi nane kabla ya kusaini. Kama una mwaka mzima mbele yako, njia ni nyingine na ni rahisi zaidi.

Jambo moja ulielewe kwanza. Ndani ya muda mfupi huo, kinachoweza kusogea kwa haraka ni salio la kadi zako na makosa yaliyoandikwa kwenye ripoti yako, basi. Historia ya kulipa kwa wakati, ambayo ndiyo 35% ya alama za FICO (aina ya alama ambazo wakopeshaji wengi hutumia), hujengwa kwa miaka. Kiasi unachodaiwa ni 30%, na sehemu hiyo inaweza kubadilika ndani ya mwezi mmoja. Nguvu zako ziende huko, na zinazobaki uzitumie kujizuia kuharibu.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Ripoti zako tatu kutoka kampuni za kumbukumbu za mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Zinapatikana bure kila wiki kwenye AnnualCreditReport.com. Tovuti nyingine zikikuomba namba ya kadi ili kukupa ripoti ya “bure”, toka.
- Alama alizoziona mkopeshaji wako, zote tatu. Za kwenye simu yako hazitoshi. Sababu iko hatua ya kwanza.
- Karatasi moja yenye kila kadi uliyonayo: kikomo chake, salio la leo, tarehe ya mwisho ya kulipa, na tarehe stetimenti (taarifa ya kila mwezi ya kadi) inapotoka. Hiyo tarehe ya stetimenti ndiyo watu wengi hawaijui.
- Tarehe ya kusaini, na tarehe ambayo riba uliyofungiwa, yaani uliyoahidiwa haitabadilika kwa muda fulani, itakwisha muda.
- Pesa za kupunguza deni ambazo si za malipo ya awali wala za gharama za kusaini. Usizichanganye. Mteja anayelipa kadi zote halafu akakosa pesa za kuleta siku ya kusaini hajajisaidia.
- Kama umefunga ripoti zako zisisomwe na mtu, zifungue zote tatu sasa. Faili husimama siku kadhaa kwa sababu ya jambo dogo kama hili.

Hatua ya 1. Mwulize afisa wa mkopo namba mbili

Namba ya kwanza ni alama yako inayotumika. Mkopeshaji huvuta alama tatu na kuchukua ya katikati. Ukiwa na 640, 652 na 671, wewe ni 652. Mkikopa mume na mke, kwa kawaida riba hupangwa kwa yule ambaye ya katikati yake iko chini. Kwa hiyo kabla hujaanza kuhangaika na kadi zako, angalia ni ya nani inayovuta familia chini. Nimeona mke mwenye 740 akimaliza akiba kulipa kadi zake, ilhali mume ana 618.

Namba ya pili ni ile unayoitafuta. Usiseme “nataka ipande”. Uliza: nikifika ngapi, kitabadilika nini, na kwa dola ngapi kwa mwezi? Kwenye mikopo ya kawaida inayouzwa kwa Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, bei ya mkopo hubadilika kwa ngazi za alama 20: 640, 660, 680, na kuendelea hadi 780. Mkopo wa FHA, ambao una bima ya serikali ya shirikisho, unaanzia 580 kwa malipo ya awali ya 3.5%, na kati ya 500 na 579 unatakiwa kuleta 10%, ingawa wakopeshaji wengi hujiwekea kiwango cha juu zaidi ya hicho. Ukiwa na 664, kupanda hadi 672 hakukupi chochote. Ukiwa na 657, alama tatu tu zinaweza kukupa riba nafuu kwa miaka 30.

Na zile alama za kwenye programu ya simu? Programu nyingi za bure huonyesha VantageScore, ambayo ni aina nyingine ya alama, na benki nyingi huwapa wateja wao FICO 8. Kwa miaka mingi wakopeshaji wa nyumba wametumia matoleo ya zamani ya FICO: la 2 kwa Experian, la 4 kwa TransUnion, la 5 kwa Equifax. Ndiyo maana simu inakuambia 701 na afisa anakuambia 662. Hakuna aliyekudanganya, ni mizani tofauti. Fuata ya afisa.

Hatua ya 2. Soma ripoti tatu mstari kwa mstari

Usikimbilie alama. Anza juu kabisa, kwenye jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Kwa watu wetu hapa ndipo penye matatizo mengi, na maafisa wengi wa mkopo hawalijui hilo.

Mtu anaitwa Mohamed kwenye pasipoti, Mohammed kwenye leseni, na benki ikaandika Muhammad. Mwingine jina la babu limekaa mahali pa jina la ukoo kwenye kadi ya Social Security, halafu mwajiri akaandika la baba. Tena kuna waliokuja kama wakimbizi na kuandikiwa tarehe ya kuzaliwa Januari 1, wao na mamia ya wenzao. Chukua watu wawili wenye majina ya kufanana, tarehe moja ya kuzaliwa, waliowahi kukaa jengo moja la apatimenti: deni la mmoja linaweza kuingia kwenye faili la mwenzake. Ukiona akaunti usiyoitambua kabisa, au anwani ya mji usiowahi kuishi, usiseme “labda nimesahau”. Weka alama ya kalamu hapo.

Kisha angalia haya:

- Kikomo cha kadi kimeandikwa sawa? Kadi ya kikomo cha dola 5,000 ikiandikwa 500, unaonekana umeimaliza.
- Kuna malipo yaliyoandikwa yamechelewa ilhali ulilipa? Kuchelewa huripotiwa kuanzia siku 30 baada ya tarehe ya mwisho. Ulichelewa siku nane? Unatozwa faini na benki, lakini hakutakiwi kuonekana kwenye ripoti.
- Deni la hospitali: yaliyokwisha kulipwa, na yaliyo chini ya dola 500, kampuni hizo tatu zilikubali kuyaondoa katika mabadiliko ya 2022 na 2023. Likiwepo lako la namna hiyo, liondolewe.
- Mkopo wa tiketi ya ndege wa IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), kwa mliokuja kama wakimbizi. Hulipwa kupitia shirika lililowapokea, na mara nyingi ndio mstari wa kwanza kabisa kwenye ripoti ya mtu. Wengi walihama mji, barua zikaendelea kwenda anwani ya zamani. Pigia shirika simu uulize salio na kama kuna malipo yaliyorukwa.

Kitu kimoja hutakiona humo: madeni ya nyumbani. Kuna anayeogopa deni la Fuliza, mkopo wa M-Pesa, aliloliacha Kenya, kwa kuwa jina TransUnion liko Nairobi na liko Chicago. Kumbukumbu za huko haziingii kwenye alama za huku. Lipa deni la watu, lakini si kwa sababu hii.

Hatua ya 3. Shusha salio la kadi kabla ya tarehe ya stetimenti

Hii ndiyo hatua yenyewe. Isome mara mbili.

Benki nyingi hutuma taarifa kwa kampuni za kumbukumbu mara moja kwa mwezi, siku stetimenti inapotoka au karibu na hapo. Kinachotumwa ni salio la siku hiyo. Mtu anayelipa kadi yote kila mwezi kwa tarehe ya mwisho, bila kudaiwa hata senti ya riba, anaweza kuonekana amejaza kadi, kwa sababu alilipa wiki tatu baada ya taarifa kutumwa. Hana kosa lolote ila tarehe.

Tuseme stetimenti yako inatoka tarehe 14. Lipa tarehe 9 au 10, pesa ziwe zimeingia kabla ya 14, na kadi uiweke kabatini hadi tarehe hiyo ipite. Siku chache baadaye salio jipya litaonekana kwenye ripoti. Na kwenye matoleo haya ya zamani ya FICO salio la miezi iliyopita halina kumbukumbu: kinachohesabiwa ni lililoripotiwa mara ya mwisho. Ndiyo maana hapa ndipo pa kupanda haraka.

Pesa hazitoshi kulipa zote? Hapo ndipo watu wanapokosea. Chukua mfano. Kadi A ina kikomo cha dola 3,000 na unadaiwa 2,700. Kadi B ina kikomo cha 5,000 na unadaiwa 1,100. Mkononi una dola 2,000. Moyo unakuambia umalize kadi B, ubaki na deni moja. Ukifanya hivyo, dola 900 zinazobaki zinaishusha kadi A hadi 1,800, nayo bado imejaa 60%. Sasa geuza: weka dola 1,850 kwenye kadi A ibaki 850, yaani 28%, na 150 kwenye kadi B ibaki 950, yaani 19%. Deni lote kwa jumla ni lile lile 1,800 kwa njia zote mbili. Lakini njia ya pili haina kadi hata moja iliyojaa, na alama huangalia jumla na pia kila kadi peke yake.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: anza na iliyokaribia kikomo, ishushe chini ya 90%, kisha chini ya 50%, kisha chini ya 30%. Zikibaki pesa, endelea hadi chini ya 10%. Umeshasikia watu wakisema “30% inatosha”. Inatosha kutokuumiza sana. Wenye alama za juu kabisa wako chini ya 10%.

Usikope pesa za kulipia kadi kwa mkopo mwingine mpya, hata wenye riba ndogo. Utakuwa umefungua akaunti mpya katikati ya safari, na mkaguzi wa mkopo atauliza maswali.

Hatua ya 4. Bakisha salio dogo kwenye kadi moja

Ukiweza kulipa zote, zipeleke zote sifuri isipokuwa moja, ibaki na kitu kama dola 10 au 20 siku ya stetimenti. Kadi zote zikiripoti sifuri kwa pamoja, alama zinaweza kushuka kidogo, kana kwamba hutumii mkopo kabisa. Stetimenti ikitoka, lipa zile dola 20. Hulipi riba.

Usifunge kadi yoyote uliyoimaliza. Ukiifunga, kikomo chake kinaondoka na zile asilimia ulizozishusha zinapanda tena.

Hatua ya 5. Peleka ushahidi kwa afisa wa mkopo, uombe rapidi riskoa

Ukisubiri mzunguko wa kawaida, inaweza kuchukua wiki nne hadi sita. Kuna njia ya mkato halali inayoitwa rapidi riskoa (rapid rescore): mkopeshaji hupeleka ushahidi kwa kampuni za kumbukumbu, nazo husahihisha ripoti na alama huhesabiwa upya, mara nyingi ndani ya siku tatu hadi tano za kazi. Huwezi kuiomba mwenyewe. Ni lazima ipitie kwa mkopeshaji, na si kila mkopeshaji anapenda kujisumbua, kwa hiyo uliza mapema.

Ushahidi ndio kila kitu. Picha ya simu inayoonyesha “malipo yamepokelewa” haitoshi. Leta stetimenti au barua ya benki yenye jina lako, namba za mwisho za akaunti, salio jipya na tarehe. Kwa kosa la ripoti, leta barua ya aliyekukopesha inayokiri kwamba ameandika vibaya.

Kabla ya hapo, mwombe afisa aendeshe kifaa cha kukadiria. Wengi wanacho: unaingiza “nikishusha kadi hii kwa dola 1,850” nacho kinakisia alama zitakazofuata. Si ahadi, lakini kitakuzuia kutupa pesa mahali pasipo na faida.

Hatua ya 6. Madeni ya zamani: uliza kabla ya kulipa

Hapa nabishana na wateja kila wiki, kwa sababu dini na malezi yetu vinasema deni lilipwe. Lilipwe, lakini utaratibu una maana. Kwenye matoleo ya zamani ya FICO, deni lililopelekwa kwa wakusanya madeni huendelea kukushusha hata likishalipwa. Mbaya zaidi, ukilipa leo deni la miaka minne iliyopita, mstari ule unaweza kuripotiwa upya na kuonekana kama jambo la juzi, alama zikashuka wiki mbili kabla ya kusaini.

Mwulize afisa kwanza kama mkopo wako unalitaka deni hilo lilipwe. Kama ndiyo, zungumza na mkusanyaji akubali kuufuta mstari wote baada ya malipo, na akuandikie barua kabla hujamtumia senti. Ahadi ya simu haina kazi. Kama mkopo haulihitaji, liache likae hadi funguo ziwe mkononi, halafu ulilipe.

Deni ambalo halijafika kwa wakusanyaji lakini limechelewa ni jambo tofauti: hilo lilipe leo, lirudi kwenye mstari.

Hatua ya 7. Kuongezwa kwenye kadi ya mtu wa karibu, kama inafaa

Mke, mume, mzazi au ndugu mwenye kadi ya miaka mingi, kikomo kikubwa, salio dogo na hajawahi kuchelewa anaweza kukuongeza jina kwenye kadi yake. Historia ya kadi hiyo huingia kwenye ripoti yako, mara nyingi baada ya stetimenti inayofuata. Huhitaji hata kuishika kadi.

Kwa mwenye historia fupi inasaidia. Lakini mkaguzi wa mkopo anaweza kuitambua na kuuliza nani analipa, na akiona ripoti yako yote imesimama juu ya kadi ya mwenzako anaweza kutoihesabu. Wale wanaouza nafasi kwenye kadi za watu wasiowajua, achana nao. Na ukumbuke kwamba mwenye kadi akijaza kadi yake mwezi huo, na wewe umejazwa.

Hatua ya 8. Ganda hadi funguo

Ripoti ya mkopo huangaliwa tena siku chache kabla ya kusaini. Ajira yako pia. Kwa hiyo kuanzia leo:

- Hakuna kadi mpya, hata ya duka inayokupa punguzo la 20% kwenye kochi. Makochi yasubiri nyumba.
- Hakuna gari. Hakuna “nunua sasa lipa baadaye”.
- Hakuna kumdhamini mtu. Shemeji akitaka umsainie gari, mwambie ukweli: baada ya kusaini nyumba tutazungumza, na hata hapo si lazima.
- Malipo ya chini ya kila kadi yawe ya kujiendesha yenyewe. Kuchelewa kumoja kwa siku 30 wakati huu kunaweza kula kila ulichokipata hatua ya tatu, na zaidi.
- Msiba nyumbani hauulizi tarehe. Ikibidi kutuma pesa, usivute pesa taslimu kutoka kwenye kadi ya mkopo. Tenga mapema kiasi kidogo kwenye akaunti ya benki kwa ajili ya dharura hiyo.
- Zamu yako ya chama ikifika mwezi huu, mwambie afisa kabla pesa hazijaingia. Pesa nyingi zinazotokea ghafla kwenye akaunti lazima zielezwe zimetoka wapi, na “wanachama wamenipa” si maelezo yanayoeleweka kirahisi kwa mkaguzi wa Ohio. Usiziingize kidogo kidogo ili zisionekane. Hapo ndipo unapozua shaka ya kweli.

Kulinganisha wakopeshaji kunaruhusiwa. Maombi kadhaa ya mkopo wa nyumba ndani ya siku 14 huhesabiwa kama moja. Yakae ndani ya hizo wiki mbili.

Matapeli

Akikudai pesa kabla hajafanya kazi, anavunja sheria. Sheria ya shirikisho ya 1996 inawakataza “wasafisha jina” kupokea malipo kabla ya kumaliza huduma. Akikuuzia namba ya tarakimu tisa ya kutumia badala ya Social Security, kimbia. Ukiiandika kwenye fomu ya mkopo wa nyumba umefanya udanganyifu wewe, si yeye, na kwa asiye raia hilo linaweza kugusa makaratasi ya uhamiaji.

Ikikwama

*Nimelipa kadi na alama hazijasogea.* Fungua ripoti uone salio lililoandikwa na tarehe yake. Mara nyingi bado ni la zamani. Kama stetimenti imeshatoka, peleka ushahidi kwa rapidi riskoa. Kama salio jipya lipo na alama ni zile zile, tatizo lako si kadi. Rudi hatua ya pili.

*Nimepeleka pingamizi na sasa mkopo umesimama.* Hili huwapata wengi wanaosikia “pinga kila kitu”. Akaunti yenye alama ya pingamizi inaweza kusimamisha faili. Kwenye FHA, akaunti mbaya zenye pingamizi zikifika jumla ya dola 1,000, mkopo hutolewa kwenye mashine na kukaguliwa kwa mkono. Kampuni ya kumbukumbu ina siku 30 za kuchunguza, na wewe huna siku 30. Kama kosa ni la kweli, pitia kwa aliyeripoti upate barua, kisha rapidi riskoa. Kama ulipinga kubahatisha tu, piga simu uombe pingamizi liondolewe na maandishi yake yafutwe.

*Mume ana alama mbovu, muda umekwisha.* Uliza kama mapato ya mke peke yake yanatosha. Anaweza kukopa yeye, na jina la mume likawekwa kwenye hati ya nyumba. Ila mkiwa kwenye majimbo kama Texas, Arizona, California au Washington, na mkopo ni wa FHA, madeni ya mwenzi asiyekopa bado yanahesabiwa.

*Sina alama kabisa.* Hiyo si sawa na alama mbovu. FHA ina njia ya kukagua kwa kodi ya nyumba, umeme na bima ulizolipa kwa mwaka. Fannie Mae nayo, tangu 2021, inaweza kusoma malipo ya kodi kutoka kwenye stetimenti za benki za mnunuzi wa mara ya kwanza. Kwa hiyo aliyekuwa akilipa kodi kwa pesa taslimu aanze leo kulipa kupitia benki. Kuongeza bili za simu kupitia Experian Boost hakutakusaidia, kwa kuwa hakugusi toleo la FICO ambalo mkopeshaji wa nyumba amezoea kulitumia.

*Sitaki riba, nanunua kwa njia ya Kiislamu.* Kampuni zinazouza nyumba kwa ubia wa kisharia nazo huvuta ripoti. Hatua zote hapo juu zinakuhusu.

*Nilichelewa mwezi mmoja miaka miwili nyuma, na ni kweli nilichelewa.* Usipinge. Andikia benki barua fupi: umekuwa mteja kwa muda gani, nini kilitokea, tangu hapo hujachelewa, unaomba wausamehe mstari huo. Hawalazimiki. Wengine hukubali, hasa benki ndogo na vyama vya akiba, na barua haina gharama.

*Alama zimepanda lakini riba ni ile ile.* Kama riba ilishafungwa, haishuki yenyewe. Mpigie afisa siku ile ile alama mpya zinapoingia, mwombe kwa maandishi apange bei upya, na muulize kama kuna ada. Fanya hivyo kabla hati ya mwisho ya gharama haijatolewa, maana lazima uipate siku tatu za kazi kabla ya kusaini. Akisema haiwezekani, muulize kusogeza tarehe ya kusaini kwa siku tano kutagharimu kiasi gani, halafu ulinganishe na kile unachookoa kwa mwezi. Usisahau kumwuliza na muuzaji kama tarehe mpya inamfaa.